Siku Nilipowatoa Akina Mama Mtoni

Miaka ile ya wakimbizi Ngara ilijaa magari meupe, nami nikapata kazi ya ukalimani katika shirika la kuhifadhi mazingira. Nilijiona mtu kweli kweli.

Mama yangu na wenzake walikuwa wakikata mafunjo kando ya mto Ruvubu, wakisukia mikeka. Walikuwa na utaratibu wao: hukatwa shina lililokomaa tu, na safu inayogusa maji haiguswi, kwa kuwa humo ndimo samaki wanamotaga. Aliyeigusa alifukuzwa mtoni msimu mzima, hata angekuwa mke wa mwenyekiti.

Mkubwa wangu, mgeni kutoka ng'ambo, hakuuliza hayo. Alikuja na sera iliyoandikwa huko kwao: mtu yeyote asikate kitu ukingoni. Nilisimama mbele ya akina mama nikaitafsiri neno kwa neno, kwa sauti ya msomi. Mama akauliza, "Na wengine je?" Nikamjibu kwamba amri ni ya wote. Kwa kuwa ni mimi niliyesema, walitii.

Kumbe shirika jingine, la makazi, lilikuwa na sera yake: kila familia kambini ipewe mafunjo ya kuzungushia choo. Malori yakashuka mtoni kutwa. Vibarua waling'oa hadi mizizi, wakianzia majini kwenye mafunjo marefu, na hakukuwa na mwanamke hata mmoja wa kuwapigia kelele. Upande wa pili wa mto, Burundi, kulikuwa na vita. Nani angezungumza na watu wa huko habari za ukingo? Mkubwa wangu aliliingiza suala hilo kwenye ajenda ya kikao cha mashirika, na huko likalala. Siwalaumu wakimbizi. Nawachukia hadi leo wale waliokaa meza moja bila kusomeana karatasi, na najichukia mimi niliyekuwa mdomo wao.

Mvua zilipokuja ukingo ulimomonyoka, samaki wakatoweka. Hapo ndipo mashirika yalipokubaliana kwa mara ya kwanza: akina mama wafundishwe kupanda mafunjo.

Siku ya mafunzo mama alikaa mbele. Mkubwa wangu alipomaliza kuonyesha jinsi ya kushindilia mzizi topeni, mama alinitazama mimi, si yeye, akasema kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, "Mwambie tulikuwa tukiyalinda haya, mpaka wewe ulipotutoa."

Mgeni akanigeukia, akisubiri.

"Anashukuru," nikasema.