Tulimtambikia Angali Hai

Kaka yangu hakuwa jasiri. Alimpiga tarishi wa jumbe kwa mpini wa jembe kwa ajili ya kodi ya kichwa, akaogopa, akakimbilia kwenye majabali yaliyo juu ya kijiji chetu, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka Iringa mjini. Ndiyo hivyo tu. Lakini haikupita wiki watu wakawa na habari zao: risasi zinamkwepa, ameonekana Mbeya na Rujewa siku moja, askari wakimkaribia anageuka kichuguu. Nilikuwa nikiyasikia hayo sokoni nacheka, maana mimi ndiye niliyempelekea ugali, nami nilimwona anavyotetemeka.

Kisha akakanyaga kisiki. Mguu ukavimba, ukaanza kunuka. Nilijua kwamba hospitali maana yake ni pingu, ila mfungwa huwa anarudi nyumbani. Nikazunguka nyumba kwa nyumba kuomba wanaume wanne wa kubeba machela.

"Yule abebwe?" jirani yetu alinicheka. "Dada, yule anaruka Ruaha bila kulowa. Usimwaibishe kaka yako."

Penye wengi hapaharibiki neno, ndivyo wasemavyo. Basi wengi hao walipanda Jumapili hadi chini ya majabali na unga na pombe ya ulanzi, wakamtambikia kama anavyotambikiwa babu aliyekufa, wakamwomba awaondolee kodi pamoja na Wazungu wake. Nilikuwa juu, nimempakata kichwa. Akajikaza, akaita, "Jamani, nichukueni!" Sauti ilikuwa imekauka, ikatoka mngurumo mtupu. Wakaanguka kifudifudi, kisha wakateremka wakipiga vigelegele: amejibu! Niliwakimbilia nikipiga kelele kwamba ni mtu, ni mgonjwa. Wakanisukuma kando, wakasema nimepandwa na pepo.

Alikufa Jumatano. Nawachukia mpaka leo, hata waliokwisha kufa.

Tulipopata Uhuru, nchi ikataka mashujaa, nami nilikuwa nimekuwa mwandishi. Nikaandika riwaya ya mtu wa majabalini aliyeruka Ruaha, taifa zima likaruka nyuma yake. Ikasomwa shuleni, nikapongezwa, nikapokea pongezi. Mama hakujua kusoma, akaniomba nimsomee. Alisikiliza kurasa zote, mikono mapajani.

"Huyo ni wa watu," akasema. "Wangu umemwacha wapi?"