Tundu Dogo Kwenye Kidole

Kabla ya kuumia nilikuwa dereva wa buldoza katika mashamba ya miwa ya Dzamandzar, kisiwani Nosy Be. Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami nilikuwa na digrii ya falsafa ambayo hakuna aliyeiulizia. Kazi niliipata kwa sababu nilimudu kusoma kitabu cha maelekezo cha Kifaransa. Kukisoma hadi mwisho ni jambo jingine.

Asubuhi moja bapa la mbele likawa linashuka lenyewe. Mpira unaopitisha mafuta ya kuliinua ulikuwa unavuja, nikataka kujua ni wapi. Injini ikinguruma, nikaupapasa kwa kidole. Nikahisi kama nimechomwa sindano. Kulikuwa na tundu dogo tu, bila damu.

Niliona aibu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomea wenzangu maonyo ya mashine. Nikamwambia mganga wa zahanati ya shamba kuwa ni mwiba. Jioni kidole kilikuwa cheupe na kigumu kama muhogo mbichi. Maumivu yalipofika kiwikoni, wakanipakia kwenye meli ya kwenda hospitali ya Mahajanga. Daktari wa huko naye nikampa mwiba uleule. Akasema tungoje dawa ifanye kazi. Ikishindwa, ataukata mkono.

Wodini nililala kati ya Madi, Mngazija mwendesha winchi wa bandarini, na Tombo, dereva wa shindilia, ule mtambo mzito wa kusawazisha barabara. Walikuwa wakishindana nani kafanya upuuzi mkubwa zaidi kazini, na mshindi angelalia mto wa sufi, uliokuwa mmoja tu. Madi alikuwa amesimama chini ya mzigo wake mwenyewe ili auone vizuri. Tombo aliliacha shindilia mteremkoni akaenda kunywa kahawa, nalo likamfuata kibandani. Walisimulia kwa Kimalagasi; kicheko kilipomzidi, Madi alihamia Kingazija, nami nikamfuata kwa Kiswahili cha bibi yangu. Baada ya kucheka waliulizana kwa makini sana: mteremko ulikuwaje, breki ya aina gani.

Nami niliutaka ule mto, niuinue mkono uliokuwa ukipwita. Nikasimulia kidole changu.

"Mashine ikiwaka?" akauliza Madi.

"Ikiwaka."

"Kaka, chukua mto."

Daktari alikuwa akimpima mgonjwa wa kitanda cha pili, akasikia; yeye hakucheka. "Na ule mwiba?"

"Hakukuwa na mwiba, Dokta."

Akaushika mkono wangu, akaubonyeza kiganjani. "Basi mna mafuta humu, yanaozesha nyama. Hatungoji tena."

Walinipasua saa ileile, kuanzia kidoleni hadi kiganjani. Muuguzi aliniambia usaha ulitoka mweusi, ukinuka gereji. Kidole kilikuwa kimekufa, wakakiondoa. Mkono ukabaki.

Nilipopata nafuu nilimsumbua daktari kwa maswali: mafuta yanapitaje kwenye ngozi bila kuichana? Alinichorea jinsi mashine ikiwaka inavyoyasukuma kwa nguvu hadi yakapenya kama sindano. Nilijifunza upya kufunga vifungo vya shati. Niliporudi Dzamandzar nikawa natafuta mvujo kwa kipande cha boksi badala ya kidole, na wakati wa chai nikawasimulia wenzangu. Walinicheka sana, kisha mmoja akakiri kuwa naye hupapasa mipira kwa kidole.

Namshukuru Mungu, yule daktari, na wale wapuuzi wawili. Nawe uliyeumia, ukiulizwa ilikuwaje, toa upuuzi wote kama ulivyokuwa. Wakimaliza kucheka, mmoja atakuuliza swali la pili, kama lile la mwiba, na hilo ndilo lililouokoa mkono wangu.