Neno la Kibao cha Saluni

Nimefundisha Kiingereza huko Kisian miaka mingi, na kazi hiyo imenipa ugonjwa wa kujiona najua. Kwa hivyo dada yangu alipotaka jina la saluni yake mpya ya Nyalenda, aliniita mimi, nami nikaja mbio na maneno yangu yote.

Ubao ulikuwa umelazwa juani mbele ya kibanda. Fundi wa mabango alikuwa ameupaka rangi ya waridi, ameandika SALON upande wa kulia, kushoto ameacha wazi. Yeye alitaka Queen.

"Queen ziko mingi huku, Mwalimu, lakini inaleta customer," aliniambia.

"Apana," dada akasema. "Ukiandika Queen, watu wataniuliza king ako wapi."

Hakuwa anatania. Mume wake alifariki mwaka uliotangulia, na wakwe zake kule Kombewa walikuwa wameshamchagulia wa kumrithi: mdogo wa marehemu, mtu wa sauti ya upole, mwenye wake wawili tayari. Dada alikataa. Wakamwambia apumzike kwanza, wataongea tena.

Tukaanza kuchambua. Princess niliitupa mwenyewe, maana huyo bado anakaa kwa baba yake. Empress ilimchekesha dada. Akasema hana haja na nchi za watu, Nyalenda inamtosha. Ndipo nikatoa neno nililolionea fahari, dowager.

"Hiyo ni nini?"

"Mjane wa mfalme. Mume akifa, mwanamke anabaki na cheo chake."

Akaacha kukunja taulo. "Cheo ya nani?"

"Cha mume."

"Yawa! Kumbe hata wazungu walikaa chini wakatutafutia jina."

Nilitamani kulimeza lile neno. Nimelifafanua darasani mara nyingi, na sikuwahi kufikiri kwamba ndani yake kuna mwanamke amekaa, anaitwa kwa kifo cha mtu mwingine. Niliona uchungu.

"Kuna sovereign," nikasema taratibu. "Huyo ni mtawala tu, awe mwanamume, awe mwanamke. Hana mtu juu yake."

Akalijaribu mdomoni. "Sofareni."

"Mama, hiyo customer hatasoma," fundi akalalamika.

"Watazoea. Andika."

Fundi alikuwa anamalizia herufi ya mwisho shemeji, yule mdogo wa marehemu, alipotokea. Jua la Kisumu la saa nane mchana, naye amevaa koti. Nilipoliona, nilijua alichokuja kufanya. Kwetu, koti la mwanamume likiangikwa kwa mjane si nguo tena. Maana yake mjane huyo sasa ana mwenyewe. Alitusalimia vizuri, akauliza habari za watoto, akalalamikia joto. Kisha akalivua koti, akaliangika kwenye msumari ulio juu ya mlango, mbele ya majirani waliopanga foleni ya maji.

Nikapandwa na hasira, nikafungua mdomo. Dada akanishika mkono.

"Fundi, imekauka?"

"Bado kidogo, Mama."

"Lete hivyo hivyo."

Shemeji aliusoma ubao, akakwama kwenye neno la kwanza. "Hii ni kusema nini?"

"Nyaminwa, dada yangu, wewe ndiye mwalimu," dada akaniambia. "Mwambie."

Nikamwambia kama ninavyowaambia wanafunzi, wazi na kwa sauti, hata foleni ya maji ikasikia: mtawala asiye na mtu juu yake.

Akatabasamu. "Na bwana yake anaitwaje?"

"Neno hilo halimtaji bwana."

Dada akapanda juu ya stuli, akalitoa koti, akalikunja vizuri kama taulo za saluni, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Shemeji, pole. Huu msumari ni ya kibao."

Alilipokea. Hakulivaa, aliondoka amelikumbatia, na hakuna aliyemcheka. Dada akauangika ubao mwenyewe. Ile rangi mbichi ilimpaka kidoleni, na jioni nilipoaga alikuwa bado hajaifuta.