Dakika Tatu za Mama

Sisi tuliokulia Kigoma kabla saa hazijahamia kwenye simu, muda tuliupima kwa kazi. Ukitumwa dukani, mama anatema mate chini na kukuambia uwe umerudi kabla hayajakauka, na wewe mbio, vumbi jekundu la Katubuka mpaka magotini. Tukicheza rede, hakuna aliyeuliza saa ngapi. Mawese yakianza kunukia kwenye sufuria ya jirani, tulijua mchezo umekwisha na wa kuchapwa atachapwa. Watoto wa leo wanatega kengele ya simu ili wachemshe yai, na bado linawapasukia. Huwa nawacheka, ingawa sina haki hiyo. Mara ya kwanza mimi kushika saa nilifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona aibu hata nikiwa peke yangu jikoni.

Nilikuwa darasa la saba. Mama yangu alianika dagaa ufukweni pale Katonga, na kwa kuwa tangu nikiwa darasa la tatu hakuwahi kukosa kikao cha shule hata kimoja, wazazi wenzake walimchagua atoe neno la shukrani siku ya mahafali yetu. Alifurahi, jamani. Alikuwa na jambo lake moyoni.

Nilipokuwa darasa la pili, mama aliugua akalazwa miezi mingi. Aliyetuchukua mimi na mdogo wangu ni jirani yetu Mama Zena, Mwislamu wa Ujiji ambaye wazee wake walitoka ng'ambo, upande wa Kongo. Alitulisha samaki wa mgebuka na wali kama wanawe. Kila Jumapili alituogesha, akatupeleka hadi mlango wa kanisa, akakaa nje kwenye ngazi kutungoja mpaka misa iishe. Mama alipopona alimpelekea kitenge. Mama Zena akakirudisha, akasema, "Siku ukipata nafasi, nishukuru mbele za watu. Hiyo inanitosha."

Sasa nafasi ilikuwa imepatikana. Mama hakujua kuandika, hivyo hotuba yake aliipanga kwenye dagaa. Alianika mistari mitatu mchangani. Akigeuza mstari wa kwanza alisalimu, wa pili aliwashukuru walimu, wa tatu alimtaja Mama Zena. Wiki nzima alipita na mistari ile ameinama, ananong'ona, jua la ziwani likimchoma mgongo, na wenzake wakimtania kwamba dagaa wake wa mwaka huu watakuwa wamesoma kuliko watoto.

Mwalimu aliyepanga ratiba alikuwa mkali wa muda. Mgeni rasmi alitakiwa awahi boti, maana alikuwa na shughuli nyingine Mwamgongo, kwa hiyo kila msemaji alipaswa kuandikiwa dakika zake. Akanivulia saa yake ya mkononi, akaniambia nikampime mama. Nilivimba kichwa barabara nzima. Nikasimama mchangani nikampima: mistari yote mitatu, dakika kumi na moja. Mstari wa kwanza peke yake, tatu.

Niseme ukweli. Kiswahili cha mama kilikuwa na Kiha ndani yake, na akifika kwenye jambo linalomgusa, Kiha kilishinda. Darasani walikuwepo watoto wa watumishi wa serikali, mama zao wanavaa viatu vya kisigino, na kazi yao ilikuwa kuigiza wazazi wanaozungumza hivyo. Mimi nilicheka nao. Tena nilicheka kwa sauti kuliko wote ili wasinitazame. Dakika kumi na moja za mama yangu mbele yao niliziona kama adhabu.

Kesho yake mwalimu akauliza. Nikamjibu tatu.

"Una uhakika, Devota? Wazazi huwa wanarefusha."

"Tatu, mwalimu."

Nikajifariji kwamba sikudanganya, kwani mstari wa kwanza si ulikuwa dakika tatu?

Siku ya mahafali Mama Zena alikuja mapema akakaa mbele, amejitanda mtandio mpya. Mama aliitwa. Akasalimu kama Waha wanavyosalimu, kwa makofi ya taratibu, wazee kwanza, kisha wageni, kisha walimu, na kila kundi likamwitikia. Nyuma yangu mtu akacheka. Nikainamisha kichwa, nikasikia kengele ya mwalimu ya kumaliza muda. Mama akasita. Nadhani alielewa, kwa sababu aliuruka mstari wa pili wote akakimbilia wa tatu.

"Kuna mama mmoja hapa," akaanza.

Mama Zena akaweka mtandio wake sawa, akanyanyuka nusu kwenye kiti. Kengele ikalia tena, kwa nguvu. Mama akaitazama, akasema, "Basi, asanteni," akaenda kukaa. Watu wakapiga makofi. Mama Zena naye akakaa, akapiga makofi pamoja nao.

Mama Zena hakulalamika hata siku moja. Baadaye familia yake ilivuka ziwa ikarudi kwao, na miaka michache mbele tukaletewa habari kwamba amefariki.

Mwezi uliopita tulimuaga binti yangu anayeolewa, ukumbi umejaa, mshereheshaji kijana wa suruali ya kubana. Mama, sasa anatembelea fimbo, akapewa kipaza sauti. Kabla hajasema neno alinigeukia, akaniuliza wamempa dakika ngapi. Nikamwambia aseme mpaka achoke. Hakunisikiliza. Akasalimu, akawaombea maharusi, akakaa. Binti yangu akatazama simu yake, akacheka kwa furaha, "Dakika mbili na nusu! Bibi anajua kwenda na wakati." Ukumbi mzima ukamshangilia. Mimi nilishindwa kunyanyua uso.

Kesho yake asubuhi nilimkuta uani anachambua maharage. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamweleza yote: saa ya mwalimu, mistari, dakika kumi na moja, tatu nilizozitaja na sababu yake. Mikono yake haikusimama. Nilipomaliza nikamwomba aniambie mstari wa tatu ulikuwaje, angalau mimi niusikie.

Akaokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa.

"Naukumbuka wote," akasema. "Lakini haukuwa wako, mwanangu."

Kisha akanisogezea ungo nimsaidie.

Vijana wa siku hizi wana saa mfukoni, ukutani, mpaka kwenye jiko, na wanajivunia kusema kwa ufupi. Enzi zetu sisi watoto hatukuwa na saa kabisa. Mimi niliazimwa moja, kwa jioni moja tu, na ndivyo nilivyoitumia.