Kitabu Kinene cha Shemeji Mwinshehe

Mume wangu alipozikwa, kaka yake Mwinshehe, karani mstaafu, alisimama mbele ya ndugu akasema shamba letu la Zombo atalilima yeye, na mavuno yatamsomesha binti yetu Yusrah. Mimi sikuulizwa. Sikwenda shule, kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la jioni, na Kiingereza sikijui. Mtu kama mimi haulizwi.

Yusrah alipomaliza kidato cha nne tukahamia Mikumi. Mimi nauza mchele, yeye akapata kazi ya kusaidia kwenye duka la pembejeo la Samson. Dukani kuna laptop kuukuu. Yusrah akasema anaweza kutengeneza programu ya kutunza hesabu za stoo, ya kukaa humo humo kwenye kompyuta, isiyohitaji mtandao. Samson akamwambia, "Ukiweza kabla ya msimu wa kupanda, stoo ni yako. Ukishindwa, namleta mpwa wangu."

Kujifunza kwa video kunakula bando. Alitaka kitabu kimoja tu cha wanaoanza, cha bei ndogo, kinachofundisha kutengeneza programu zenye madirisha na vitufe. Akamwomba baba yake mkubwa.

Mwinshehe alikileta siku ya dua ya marehemu, watu wakiona. Kinene kama tofali. "Elimu ndiyo hii," akasema. Ndugu wakamsifu.

Yusrah akahangaika nacho. Kila jioni sura ya kwanza, kila jioni kompyuta inamkatalia. Mwinshehe aliposikia akawaambia mashangazi, "Kichwa cha mama yake hicho. Bora tungemwozesha." Mtoto akaamini. Siku moja akafunga kitabu. "Mama, Samson amlete tu mpwa wake."

"Nisomee mwanzo," nikamwambia.

"Sura ya kwanza?"

"Mwanzo kabisa, kabla ya sura."

"Hiyo ni dibaji, mama. Shuleni hatuisomi, haiji kwenye mtihani."

"Mimi sina mtihani. Soma."

Akasoma, akanifasiria, sauti ikizidi kushuka. Mwandishi anasema kitabu ni cha watu waliotengeneza programu kwa miaka mingi. Anayeanza atafute kingine kwanza.

Nikapandwa na hasira ambayo hadi leo haijashuka. Kesho yake asubuhi nilikuwa Kilosa, mlangoni kwa Mwinshehe.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Hiki kitabu ulikifungua?"

"Kitabu hufunguliwa na anayekisoma."

"Si wewe ndiye msomi wa ukoo? Kurasa za mwanzo zinasema si cha anayeanza."

"Nilikipata kwa bei ya kutupa, ushukuru. Vyembamba ni vya watoto."

"Kwenye kazi hii Yusrah ni mtoto. Wewe ulinunua unene ili ndugu wakuone."

Akacheka. "Asiyejua a, b, c leo ananifundisha vitabu."

Nikaondoka na kitabu chake. Nilikipeleka kwa Cleopa, anayeuza vitabu vilivyotumika pale Mikumi, tubadilishane. Yusrah akaja na ile laptop, Samson kamruhusu. Cleopa akatoa vitatu.

"Chukua hiki, mama, kina jalada safi."

"Mimi mchele siununui kabla ya kutafuna punje. Yusrah, kaa. Fanya zoezi la kwanza la kila kimoja, hapa hapa."

"Mama, hili ni duka, si darasa," Cleopa akalalamika.

"Basi tuuzie na benchi."

Cha kwanza kilidai programu ya kulipia. Cha pili kiliandikwa kwa toleo la zamani la programu. Mifano yake ikagoma. Cha tatu kilikuwa chembamba, jalada limechanika, na mwenyewe wa zamani kaandika majibu pembeni kwa penseli. Hakikupita muda, dirisha dogo likatokea kwenye kioo, na kitufe ndani yake. Yusrah akakibonyeza. Akakibonyeza tena. Cleopa naye akaja kubonyeza.

"Hiki," nikasema.

Msimu wa kupanda ulipokaribia, Samson alishusha mzigo wa mbegu. Yusrah akauingiza kwenye programu yake, wateja wakanunua kutwa nzima, jioni Samson akahesabu mifuko iliyobaki kwa mkono. Ikalingana na ya kwenye kompyuta. Akamkabidhi funguo za stoo.

Mwinshehe akaja Mikumi kutupongeza, huku akiwaambia majirani kwamba ni yeye aliyemsomesha mtoto. Nilimpa kiti, nikampa na maji. Chakula sikumpakulia, na wali ulikuwa jikoni.