Feni Ambayo Haikulala Barafuni

Nilidanganya kwa tiki moja tu, na leo rafiki yangu hana vidole vitatu. Makosa ni yangu.

Niliishia darasa la nane kwetu Kenya. Hapa Muscat, Omani, nafanya kazi katika karakana moja ya mtaa wa viwanda uitwao Ghala. Tunaunda hita kubwa za kupasha joto vibanda vya wafanyakazi wa migodi, nchi za mbali zenye theluji. Sisi tunaooga jasho ndio tunawatengenezea watu joto!

Kila feni ya hita lazima ilale katika chumba cha barafu cha jirani yetu muuza samaki hadi kesho yake, halafu iwashwe ikiwa bado ya baridi. Grisi isiyofaa huganda, feni ikakataa kuzunguka. Kazi hiyo ya kupima ilikuwa yangu.

Mwenye chumba, Bwana Salim, Mwomani wa asili ya Unguja, alipenda utani.

"Bwana harusi huyo! Leo tena wamleta bibi harusi alale kwangu?"

Wapakiaji wake wa samaki wakaangua kicheko. "Mfunike vizuri, asipate mafua!"

Mimi ni mtu wa haya. Feni ya mwisho ya mzigo ule sikuipeleka, nisichekwe tena. Niliificha nyuma ya mabati, kesho yake nikaiwasha kwenye joto letu, ikazunguka. Nikatia tiki kwenye fomu, kana kwamba ililala barafuni. Nilijiambia, si zile zingine zote zilipita? Mjinga mimi!

Wafula, aliyenitafutia kazi hii na kunikaribisha chumbani kwake nilipofika, ndiye alitumwa mgodini kufunga hita. Baridi ilipozidi, feni ile ikaganda. Watu walikuwa ndani ya kibanda wakitetemeka. Alivua glavu ili aweze kushika skrubu ndogo. Alipomaliza, vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Vilikatwa.

Aliporudi na bandeji, bosi alimwambia mbele yetu kwamba alifunga vibaya. Akamfuta, akamrudisha Kenya. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Sikufungua mdomo!

Juzi alinipigia simu. "Mdogo wangu, wasije wakakulaumu na wewe. Wewe ulipima, mimi najua."

Nikamjibu, "Asante, kaka." Asante!

Nawaambia nyinyi msionijua kabla ya kumwambia yeye. Hata huu ni uoga.

Wewe unayeogopa kuchekwa, kubali uchekwe. Wale wapakiaji wangenicheka dakika mbili, kisha wangerudi kwenye samaki wao. Wafula hawezi tena kufunga vifungo vya shati lake. Mama yake ndiye anamfungia.