Krismasi Niliyokaa Kwenye Msiba wa Watu

Mwaka wa kwanza baada ya kugombana na mdogo wangu nilikwenda kusimama stendi ya Same. Desemba mabasi ya kutoka Dar huwashusha Wapare kwa makumi, kila mtu na begi lake na ndoo yake ya mafuta, waunganishe gari la milimani wakale Krismasi kwao. Nilivaa vizuri nikajifanya nampokea mtu. Kijana wa bodaboda akaniuliza, "Mama, mgeni wako anakuja na basi gani?" Nikamtajia basi ambalo lilikuwa halijafika. Lilipoingia nikaondoka kwa aibu.

Mwaka wa pili nilikwenda wodini kuwatazama wagonjwa nisiowajua. Bibi mmoja alifumbua macho, akaniuliza nimetumwa na kanisa gani. Nilipomwambia sijatumwa na mtu, akageukia ukutani.

Misiba niliigundua mwaka wa tatu. Najua nikilieleza hili nitajidhalilisha, lakini nimeshazeeka na heshima niliyobaki nayo si nyingi. Msibani kwetu hakuna anayefukuzwa. Ukija na khanga mbili na kisu chako, ukaketi kwa akina mama wanaochambua mchele, watakuuliza tu umetokea upande gani. Jibu lolote linatosha. Utakula na wenzako, utalala mkekani ukiwa umebanwa na watu huku na huku. Na ukitaka kulia, lia. Mume wangu alikwisha fariki, mwanangu wa pekee yuko Mbeya kwenye kazi isiyojua sikukuu, na ndugu wa tumbo moja nilikuwa naye mmoja tu, huyo mdogo wangu wa Myamba kule milimani, ambaye sikuwa nikisema naye.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya mama. Alifariki wakati wa masika, barabara ya kupanda imekatika kwa maporomoko. Nilikaa siku mbili chini ya mlima nikisubiri ipite gari, mwisho nikapanda kwa miguu. Nilipofika niliambiwa wamezika jana yake. Nilimkabili mdogo wangu mbele ya waombolezaji wote na tope langu hadi magotini, nikamwambia, "Kuanzia leo, mtu wa ukoo akifa na habari ikanifikia mimi kwanza, wewe hutaambiwa." Kwetu Upareni mtu anaweza kunyimwa shamba akasamehe. Kufichwa msiba ni kuambiwa wewe si ndugu. Nilijua ninachokisema, na wakati ule nilikisema kwa raha.

Basi mwaka huo wa tatu, siku mbili kabla ya Krismasi, nikasikia sokoni kwamba kule Makanya amefariki mchimba jasi, mtu mzima mwenye watoto. Nikafunga khanga zangu. Jirani yangu, mama wa Kiislamu mwenye duka la vitenge, aliniona nafunga mlango.

"Safari, mama? Si sikukuu hii?"

"Nimefiwa," nikasema. "Ndugu yetu wa ukoo."

Sijui kwa nini sikusema naenda kutembea. Nadhani nilitaka na mimi nionekane nina watu, hata kama ni wa kufa.

Makanya nilikaa siku tatu. Simu niliizima, maana siku za Krismasi simu isiyolia inauma zaidi ikiwa imewashwa. Nilichambua mchele, nikaosha masufuria, nikaimba. Mjane alinishika mikono akaniita shangazi, akanishukuru kwa kutoka mbali. Sikumsahihisha. Tulizika mkesha wa Krismasi, nami nililia sana, na kilio changu kilikuwa cha kweli ingawa marehemu sikumjua hata sura. Nitasema ukweli wote: nilifurahi. Nilikula Krismasi kwenye sinia moja na wanawake sita, na jioni mmoja wao akanisuka nywele.

Nilirudi Same kesho yake. Jirani alinifuata mlangoni akiburuta kiroba.

"Pole na msiba, mama. Mdogo wako wa mlimani alikuja juzi."

"Alikuja kufanya nini?"

"Kukuchukua ukale naye Krismasi. Nikamwambia umekwenda kwenye msiba, mmefiwa na ndugu wa ukoo. Akaniuliza nani. Nikasema mimi simjui, wewe ndugu yake ndiye utajua. Tulikupigia, hupatikani. Akakaa hapo kizingitini muda mrefu, mama. Halafu akaniachia hiki. Akasema alikileta kiwe cha sikukuu, lakini sasa kiwe rambirambi yake."

Ndani ya kiroba kulikuwa na ndizi na tangawizi ya shambani kwake, bado ina udongo.

Asubuhi nilipanda Myamba. Nilimkuta mdogo wangu uani akinoa panga. Aliniamkia bila kuinua kichwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Nani amekufa?"

Njia nzima nilikuwa nimeyaandaa maneno. Nikaweka begi langu chini. Akaendelea mwenyewe, taratibu. "Krismasi nzima nimeshinda kwenye simu. Nimempigia baba mdogo, nimewapigia mashangazi, nimepiga mpaka Usangi kwa wakwe. Wote wananiambia hakuna msiba. Nikajua wamekubaliana na wewe kunificha. Baba mdogo nimemtukana, dada. Mtu mzima yule, nimemtukana siku ya Krismasi."

"Hawakukuficha," nikasema. "Alikufa mtu, lakini si wetu."

"Wa nani?"

"Wa watu tu. Wa Makanya."

"Ulikuwa unamfahamu?"

"Hapana."

Aliacha kunoa. Nikamweleza yote, stendi, wodi, msiba, na uongo niliomwambia jirani. Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa anayeweweseka. Nilipomaliza nikamwuliza alikuwa ameshuka kuniambia nini.

"Nilishuka kukuomba radhi kwa habari ya mama. Maneno nimeyapanga mwaka mzima."

"Niambie sasa."

"Sasa siyaoni."

Mkewe alituletea chai, akaona nyuso zetu, akarudi jikoni. Tulikunywa. Nilimwambia nisamehe, nikalirudia, na nikasema nitakwenda mwenyewe kwa baba mdogo kumweleza. Akasema niende. Kisha akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike, na macho yake yalikuwa ya mama kabisa.

"Miaka mitatu, dada, mimi nipo hapa. Sahani yako ilikuwa inawekwa. Wewe unakwenda kulala mkekani kwa maiti za watu." Alifuta panga kwa kitambaa. "Nimeelewa. Na mimi nikifa utakuja, utakaa hapa siku zote za matanga, utachambua mchele, na utalia vizuri. Basi subiri siku hiyo."

Nilimwambia gari la kushuka linaondoka saa nane. Akasema anajua, akanibebea begi mpaka barabarani.